Sampo ya Kromu ya Mageni

Kuna watu wakipata dhahabu hujenga nyumba. Wengine huoa mke wa pili, wengine hunywa mpaka wakasahau duara lao, shimo la kuchimbia, liko upande gani wa kilima. Mageni alipopata yake, alilinunulia gari pambo la kung'aa, akalifunga mahali ambapo hata kuku akipita hainui kichwa kutazama.

Pambo lenyewe lilikuwa sampo. Sampo ni lile bakuli la chuma linalofunga injini kwa chini na kutunza oili. Kila gari linayo, nyeusi, imeganda tope, na hakuna mtu mwenye akili zake aliyewahi kuiota usingizini. Ya Mageni ilipakwa kromu. Ukiinamia unajiona meno.

"Na atakayeinama ni nani?" Wilbard aliuliza siku ya kwanza aliposikia habari hiyo.

"Watu," alijibu Mageni.

Wilbard alikuwa shemeji yake, amemuoa dada yake, Anisia. Pikapu ilikuwa yao wote wawili. Mageni alitoa sehemu yake duara lilipotema dhahabu. Wilbard alitoa yake kwa kuuza maksai wake wote wa kulimia na kuachia shamba la pamba alilorithi kwao Ushirombo. Ndugu zake walimwambia amerogwa. Yeye aliwaambia kwamba mgongo wake umechoka kutazama matako ya ng'ombe, akahamia Katoro, akakaa nyuma ya usukani. Siku za kazi alibeba mawe ya Mageni na ya wachimbaji wengine kutoka kwenye maduara mpaka kwenye makarasha ya kusagia. Siku za mnada alibeba mizigo ya wafanyabiashara kwenda Buseresere. Hakuwa tajiri, ila alikuwa dereva, na watu walimwita dereva. Gari likifa, hana shamba, hana ng'ombe, hana hata jembe, maana jembe alimwachia jirani huku akicheka.

Kwa hiyo usidhani Wilbard alikuwa mtu wa kutojali gari. Alilijali kuliko alivyojali meno yake.

Wazimu wa Mageni ulianzia kwa Mwanaima. Mwanaima ana sehemu ya kuoshea magari pale Katoro, na kandokando yake ana meza za bia na jiko la nyama. Gari linapandishwa juu ya kuta mbili za saruji, vijana wanaingia chini na mpira wa maji, na wenye magari wanakaa mezani, macho usawa wa tumbo la gari. Hapo ndipo wanaume wa Katoro wanapopimana. Huyu shokapu zake nyekundu, yule difu yake kaipaka rangi ya fedha. Watu wazima, wenye watoto wa kuoza, wanakaa na mguu wa mbuzi mkononi wakijadili uvungu wa gari kama wanaangalia mchumba.

Siku moja pikapu ya akina Mageni ilipandishwa. Juu ilikuwa imepigwa polishi mpaka nzi wanateleza. Mwanaima akatazama chini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hili gari juu limevaa suti, chini limefunga kaniki."

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Wilbard naye alicheka. Mageni hakucheka.

Walipokwenda Shinyanga kutafuta mkanda wa karasha, Mageni alimburuza Wilbard mpaka kwenye duka la vipuri la mzee Altaf. Sampo ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kaunta, haikutoka kiwandani na gari lolote, ni ya kutengenezwa pembeni kwa wapenda mapambo. Ilimulika duka zima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo unaitaka ya nini? Una gari la maonyesho?"

"La kazi, mzee. Linabeba mawe."

Altaf akavua miwani, akamtazama Mageni, kisha akamtazama Wilbard kama anayeuliza kama huyu mtu ana wenyewe. Wilbard akatazama dari.

"Basi nisikilize," alisema Altaf, "maana nikishakuuzia sitaki uje hapa kunililia. Kromu ni ngozi nyembamba. Ukifunga, weka gasketi mpya, weka washa chini ya kila bolti ili kichwa cha bolti kisile ngozi, halafu kaza kwa spana. Kaza kweli, ila kwa zamu, huku kidogo na ng'ambo kidogo. Jeki isiguse hapo hata siku moja. Ukipita kwenye tope, osha siku hiyohiyo kwa maji na sabuni laini, futa kwa kitambaa cha pamba, paka nta ya gari. Usisugue kwa mchanga wala kwa waya wa masufuria. Basi."

"Na mawe ya barabarani, mzee? Yakiirukia?"

"Yataigonga. Bwana wee, hiyo ni sampo, si pete ya ndoa."

Wilbard alimpenda yule mzee hapohapo. Mageni alikuwa amesikiliza kwa adabu ile ya mtu anayesikiliza matangazo ya msiba usiomhusu. Sampo aliipakata mapajani kutoka Shinyanga mpaka Katoro, imefunikwa khanga, na kila mara gari liliporuka kwenye shimo aliiwekea mkono kichwani.

"Taratibu, shemeji."

"Itaamka?" aliuliza Wilbard.

Gelasius, fundi wao, aliipokea akaigeuzageuza, akapiga mluzi. Alitoa ile nyeusi ya zamani, akasafisha kingo, akaweka gasketi mpya na washa, kama Altaf alivyosema. Kisha akachukua spana. Mageni, aliyekuwa amechuchumaa pembeni, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Weka chini hiyo! Itakwaruza!"

"Sasa nikaze kwa nini, kwa maombi?"

"Kaza kwa mkono. Funga kitambaa vidoleni."

Gelasius akatoka chini ya gari, akakaa kitako. "Mageni. Bolti haibembelezwi. Injini inatetemeka, ukiiacha hivi zitalegea zenyewe na oili itatoka."

"Gari ni la nani?"

"La kwenu wawili," alisema Gelasius, akamgeukia Wilbard. "Dereva, unasemaje?"

Hapo neno moja la Wilbard lingetosha. Alikuwa analijua neno lenyewe, lilikuwa mdomoni. Lakini alimtazama shemeji yake, na shati lake jeupe, na magoti yake kwenye mavumbi, na khanga ya dada yake imekunjwa mikononi kama ya mlezi, akaona kwamba kubishana na mtu wa namna hiyo ni kujishusha.

"Mwache," alisema. "Mwenye kioo ajitazame." Akaenda kunywa chai.

Gelasius alikaza kwa vidole, kwa kitambaa, mpaka vidole vikakataa. "Mimi nimesema," aliwaambia mafundi wenzake. "Mashahidi ni nyie."

Haikuishia hapo. Mageni bado aliwaza mawe ya barabarani. Na mchimbaji akiwaza, anawaza kwa vitu vya mgodini, hana vingine. Kule kwenye mwalo, mawe yakishasagwa kuwa unga, unga unamwagiwa maji kwenye ubao wa mteremko uliotandikwa zulia. Tope jepesi linakwenda na maji, kizito kinanasa kwenye manyoya ya zulia, na ndani ya kizito hicho ndimo dhahabu ilimo. Mchimbaji anaamini zulia la mwalo kuliko anavyomwamini mke wake. Mageni alichukua moja lililokwishatumika, akalikata, akaivika sampo kama mtoto anavyovikwa nepi, manyoya kwa ndani ili yawe laini, akalifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli.

"Kitu cha thamani hakipiti kwenye zulia," alimwambia Wilbard, amesimama, anajipangusa magoti. "Jiwe litapiga zulia. Siku tukilifungua kwa Mwanaima, sampo itatoka kama ilivyoingia."

Wilbard aliligusa lile zulia kwa ncha ya kiatu. Lilikuwa na uzito usio wa zulia. Lilikuwa limeshiba mchanga wa karasha, ule mwembamba wa mawe magumu unaokata ngozi ya vidole. Zulia la kunasa mchanga limenasa mchanga, ajabu iko wapi? Na sasa mchanga huo ulikuwa umelala uso kwa uso na kromu, juu ya injini inayotetemeka kutwa. Altaf alisema usisugue kwa mchanga. Mageni alikuwa ameajiri injini nzima imsugulie.

Wilbard alicheka mpaka akashika mlango. Mageni akadhani anachekea uhodari wake, akacheka naye.

Tangu alipolinunua gari, kila asubuhi kabla ya chai Wilbard alikuwa akifungua boneti, akichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukisoma. Ilikuwa kama sala. Baada ya lile zulia, aliacha. Asubuhi alimkuta Mageni tayari yuko chini ya injini, anapapasa, na kule chini ikitoka sauti ya furaha: "Halidondoshi hata tone!" Na kweli hapakuwa na tone. Chini ya gari palikuwa pakavu kuliko siku zote. Wilbard hakutaka kuonekana anainama pamoja na mwehu. Alipanda, akasubiri, akapiga honi.

"Umepima oili?" Anisia alimuuliza asubuhi moja, akimpa chapati.

"Muulize kaka yako. Amehamia chini ya injini, karibu atahamishia na kitanda."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Sampo ni yake."

"Na injini ni ya nani? Gari likifa, Baba Elieth, atalala njaa kaka yangu peke yake?"

Wilbard alitafuna chapati. Mwanamke naye kila kitu anakifanya cha msiba. Mtu hawezi hata kumdharau mpumbavu kwa raha zake.

Jumapili ya kufungua zulia ilitangazwa Katoro nzima. Mageni alikuwa ameagiza mbuzi kwa Mwanaima, na wanunuzi wa dhahabu walioalikwa walikuwa wameshajaa mezani tangu misa ilipoisha. Asubuhi ile Mageni na Wilbard walikuwa na safari moja ya mawe, wakaipeleka karasha, wakashusha, wakageuza kurudi mjini. Walipofika njia panda, kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ya oili.

Wilbard alikanyaga breki, gari likasimama pembeni, injini ikiunguruma.

"Oili," alisema.

"Oili nini? Hakuna tone lililoanguka, mimi mwenyewe nimeangalia."

"Taa inasema oili."

"Sasa?"

"Sasa nazima. Tunapima, tunafungua hilo nepi lako, tunaona inakotoka."

Mageni akamshika mkono uliokuwa kwenye ufunguo. "Hapa? Barabarani? Niifungue mbele ya nani, mbuzi? Shemeji, watu wananisubiri. Kutoka hapa mpaka kwa Mwanaima si mbali. Ikifika imefunguliwa, nitaonekana nani?"

Wilbard akamtazama. Mtu mzima huyo. Amevaa saa mbili, moja kila mkono. Jasho linamtoka kwa ajili ya uvungu. Na ndani ya Wilbard kikainuka kitu kitamu, kitamu kabisa. Aliliona jukwaa la Mwanaima, zulia likidondoka, na ile kromu iliyosuguliwa na mchanga ikitokea mbele ya nyuso zote zile, na uso wa Mageni. Alilitaka hilo. Alilitaka kuliko mbuzi. Hapa barabarani angeliona peke yake, na kicheko cha mtu mmoja hakishibishi.

"Haya," alisema. "Twende kwa watu wako."

Akaingiza gia.

Mlio ulianza kabla hawajafika kwenye maduka ya kwanza. Kwanza ulikuwa mdogo, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Wilbard aliusikia. Dereva yeyote angeusikia. Walipopita sokoni ulikuwa kokoto ndani ya debe, waendesha bodaboda wakageuza shingo. Mageni alikuwa anapunga mkono dirishani. Wilbard akauona uzio wa Mwanaima, akaziona kuta za saruji, akasema moyoni hapo tu, nafika hapo tu. Akalipandisha. Tairi za mbele zilikuwa juu, za nyuma zikianza kupanda, injini ilipolia mara moja kwa ukali, ikashika, ikanyamaza. Akajaribu ufunguo. Haikuzunguka.

"Imenoki!" mtu alipiga kelele mezani, na kicheko kikalipuka.

"Sukumeni," alisema Mageni. "Sukumeni jamani, ni betri hiyo."

Wakasukuma. Wanaume wanane waliovaa nguo za kanisani wakalisukuma gari bovu juu ya jukwaa ili walione vizuri. Mageni akaingia chini na kisu, watu wakasogea na chupa zao. Akakata mpira wa kwanza, wa pili. Zulia halikudondoka. Lilining'inia kwanza, zito, kama titi la ng'ombe asiyekamuliwa, kisha likaanguka sakafuni kwa mlio wa majimaji, na oili nyeusi ikatawanyika mpaka kwenye viatu vya Mageni. Oili yote ya injini ilikuwa mle. Bolti zilikuwa zimelegea, oili ikavuja pole pole, zulia likainywa, na udongo chini ukabaki mkavu kila asubuhi wakati Mageni akishangilia.

Na sampo? Sampo ilikuwa kama sufuria la shuleni. Mistari, mabaka, kahawia huku, nyeusi kule, na mahali pamoja karibu na kona palibaki panang'aa, padogo kama kucha, kwa dhihaka tu.

Mwanaima alisogea, mikono kiunoni. "Haya Mageni. Sasa limevaa nini?"

Mageni hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama zulia. Wachimbaji hawawezi kuona zulia likaachwa bila kuoshwa, ni kama ugonjwa. Mmoja akaleta karai na sabuni, wawili wakalishika pembe, wakalikung'uta ndani ya maji, wakamwaga tope, wakabembeleza karai kwa mzunguko ule wa mwaloni. Chini ya karai, kwenye mchanga, vikatokea vipande vidogo vidogo vyeupe vinavyometameta juani.

"Imetema!" akapiga kelele aliyeshika karai.

"Mpelekee mnunuzi!"

"Kromu gramu ngapi leo?"

Nyama ilidondoka mikononi mwa watu. Mwanamume mmoja alilala juu ya meza. Wilbard alikuwa ameegemea mlango wa gari, anacheka, machozi yanamtoka. Alikuwa amelipata. Lilikuwa tamu kama alivyolitaka.

Gelasius hakuwa anacheka. Alikuwa ameacha sahani yake, ameingia chini ya gari, akishika bolti moja moja kwa vidole. Zilizunguka kama vifuniko vya soda. Akaishusha sampo, akachota kwa kidole mabaki yaliyokuwemo, akayasugua kwenye kiganja, akatoka nayo juani. Katika weusi ule mlikuwa na chembe za rangi ya shaba.

"Beringi zimekwisha," alisema. "Kranki imeliwa. Hii injini ni chuma chakavu."

Kelele zikapungua.

"Taa haikuwaka?" aliuliza.

"Iliwaka," alisema Mageni, bado anatazama karai.

"Wapi?"

"Pale njia panda, tulipotoka karasha."

"Njia panda!" Gelasius alirudia. "Kutoka njia panda mpaka hapa?" Kisha akageuka. Hakumgeukia Mageni. "Huyu ni mchimbaji, gari halijui, ukimwambia linakula majani atalikatia. Wewe dereva. Taa umeiona?"

Wilbard akajifuta machozi. "Nilimwambia."

"Sijakuuliza ulimwambia nani. Mguu kwenye pedeli ya moto ulikuwa wa nani? Na mlio? Hukusikia mlio? Kijiti cha oili umekichomoa lini mara ya mwisho?"

Mezani kila mtu alikuwa amegeuza kiti. Wilbard alifungua mdomo. Sampo si yangu, alitaka kusema, ndiyo maneno yaliyokuwa karibu. Hayakufaa. Aliangalia injini, iliyo wazi kwa chini kama kinywa, na kwa mara ya kwanza siku ile aliiona.

"Kumbe," alisema Mwanaima, akichukua chupa tupu mezani. "Nilidhani mjinga ni mmoja."

Hakuna aliyecheka sana. Waliendelea kula mbuzi.

Gari likavutwa mpaka gereji kwa Gelasius, likawekwa juu ya matofali, na injini nyingine haikupatikana, kwa kuwa duara la Mageni lilikuwa limerudi kwenye mawe matupu, na Wilbard hakuwa na cha kuuza. Ushirombo hakurudi. Shamba lilikwishalimwa na mtu mwingine, pamba imefika magotini, na ndugu zake walikuwa wanajua habari yote, mpaka habari ya karai.

Anisia hakumsema. Alimfungia chakula kwenye kikopo, akampa suruali iliyochanika, ya kushukia mgodini.

Kwenye mdomo wa duara Mageni alimfunga Wilbard kamba kiunoni, akavuta fundo mara mbili, akamvalisha tochi kichwani na kuinyoosha. Saa zake zote mbili hakuwa nazo. Alikuwa pekupeku, tumbo wazi, na alitembea pembeni ya shimo lile bila kuangalia chini, kama mtu yuko sebuleni kwake.

"Nguzo ya tatu usiishike," alisema. "Imeoza. Ukisikia udongo unanong'ona, toka, usiulize. Umenisikia, shemeji?"

"Nimesikia."

"Hapana. Rudia nilichosema."

Wilbard akarudia, neno kwa neno, mbele ya wachimbaji wote waliokaa kwenye kifusi wakivuta sigara. Kisha akageuka kinyumenyume, akashusha mguu shimoni.

"Dereva!" mmoja wao aliita. "Weka gia ya kwanza, huo ni mteremko!"

"Washa taa, dereva!"

Wilbard aliendelea kushuka. Mguu wake ulikuwa unatafuta ngazi gizani, ukipapasa udongo huku na huku, na juu yake Mageni alikuwa ameshika kamba, anamlegezea kidogo kidogo, hacheki.